Karatasi ya Mkono

Kuna Jumatatu moja ambayo naikumbuka hata leo, nikiwa nimeketi hapa mtaani Ayany na magoti yanayokataa ngazi. Jumapili iliyopita, mwanangu, ulinieleza habari za mwenzako kazini, jinsi kila mtu anavyomtaja yeye, na jinsi hata sauti yake inavyokuudhi. Nilikumiminia chai tu. Nilikuwa na la kusema, ila niliona aibu, kwa sababu ugonjwa huo niliuugua nikiwa na umri wako.

Wakati huo nilikuwa fundi wa sponji kwa Mzee Barasa, mtaa wa Laini Saba, kando ya reli. Tulianza na viti na magodoro, kisha wapiga picha na watu wa kurekodi sauti wakaanza kutuletea masanduku yao magumu. Kazi ilikuwa kukata sponji ya ndani ili kila chombo kiwe na shimo lake, kamera hapa, maikrofoni pale, kisitikisike hata mwenyewe akisafiri hadi Busia. Kazi hiyo pale niliianza mimi. Na Akinyi alipokuja, mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu.

Hilo ndilo lililoniuma. Mwaka haukuisha, wateja wakawa wanasimama mlangoni na kuuliza, "Yule madam yuko?" Nami nimeketi hapo hapo, kisu mkononi. Nilimwonea wivu mpaka nikachukia namna alivyokula chapati, akiichana vipande vidogo vidogo. Mtu akisifu kazi yake, mimi nilikohoa. Usicheke, nilikohoa kweli.

Halafu Mzee Barasa akatangaza kwamba mwisho wa mwezi atampa mmoja wetu benchi la mlangoni. Mwenye benchi hilo ndiye angepokea kazi zote za masanduku, na mwingine angerudi nyuma kwa magodoro. Nililitaka benchi lile kuliko nilivyotaka kuoa, na mama yako asisikie.

Wiki hiyo akaja Ochieng', kijana wa mitambo ya sauti katika kanisa moja la Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo. Akinyi alikuwa ameenda kununua gundi. Ochieng' akasema ameona sanduku la mzee mmoja anayerekodi kwaya, naye anataka kama lile, kwani vyombo vyao ni vya aina moja. Lile lilikuwa kazi ya Akinyi. Nikamwambia aache vyombo, arudi Jumamosi, nikaamua kuikata kazi hiyo mwenyewe.

Akinyi alikuwa na desturi ya kuchora kila kazi kwenye karatasi za mifuko ya simiti, kisha kuzitundika kwenye msumari juu ya meza yake. Vyombo ningeweza kuvichora mwenyewe. Nilichokitaka ni zile nafasi ndogo za kuingizia vidole, alizoziacha pembeni mwa kila shimo, maana wateja walizisifu mno. Alipoenda kula mchana nilizishusha karatasi za lile sanduku la mzee wa kwaya. Moja ilichorwa mkono wa mtu, vidole vimetanuliwa, kama watoto wanavyochora. Nikadhani alikuwa akichezacheza. Mkono nikaurudisha kwenye msumari, nikachukua zile nyingine, nikakata.

Kazi ilitoka safi, sitajinyima sifa. Ochieng' aliondoka Jumamosi akitabasamu, nami nikajiona niko kwenye benchi tayari.

Jumatatu akarudi bila kusalimu mtu.

"Jana watu wamekaa, pasta amesimama anangoja maiki," akasema, "na mimi siwezi toa kitu. Vidole haziingii. Nimevuta, nimevuta, mwisho nikapindua sanduku yote chini."

Akaweka mezani maikrofoni iliyobonyea kichwa. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwambia akae kando, mitambo ishikwe na mtu mwingine.

Mzee Barasa alilifungua sanduku, akapitisha kidole kwenye zile nafasi. Alizijua, akadhani mimi nilipokea kazi tu na Akinyi ndiye aliyeikata. "Hii ni mkato yako," akamwambia Akinyi. "Nini hii umefanyia mtu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Maneno mawili yangetosha. Badala yake niliona benchi likija upande wangu, nikachukua ufagio nikaanza kufagia sakafu iliyokuwa safi. Katika yote niliyoyafanya wiki ile, hilo ndilo ninaloliombea msamaha mpaka leo.

Akinyi hakubishana. Alishusha karatasi ya mkono kutoka kwenye msumari, akaitandaza mbele ya Ochieng'. "Weka mkono hapa."

Ochieng' akaweka. Vidole vyake vinene vikafunika mchoro wote, tena mchoro wenyewe ulikuwa wa mkono wa kushoto.

"Huyu ni yule mzee wa kwaya," Akinyi akasema. "Yeye hutumia left, na vidole zake ni nyembamba. Mimi sikati kabla nione mtu akishika vitu zake. Wewe mkono yako sijawahi ona."

Kisha akanigeukia. "Wafula, si ungeniuliza tu? Ningekupa."

Mzee Barasa hakunipigia kelele. "Wewe ndiye ulimfundisha kisu," akasema. "Ungekaa hapa ukijivunia yeye. Sasa utajivunia nini?" Akanipeleka mwenyewe hadi kanisani Kongo, nikawaeleza wazee kosa ni la nani, na Ochieng' akarudishiwa mitambo yake. Akinyi akamkatia sponji upya, na benchi likawa lake.

Magodoro niliyavumilia. Kilichonishinda ni kwamba tangu jioni ile Akinyi alikuwa akibeba karatasi zake nyumbani. Msumari ukabaki mtupu, nikautazama miaka miwili.

Siku niliyoondoka kwenda kufungua karakana yangu Kawangware, ndipo nilipopata ujasiri wa kumwomba anifundishe. Alikata kipande cha mfuko wa simiti, akauweka mkono wangu juu yake, akauzungushia penseli kidole kwa kidole. "Anza na yako," akasema. Ndiyo ile karatasi iliyo nyuma ya mlango wangu, uliyokuwa ukipimia kiganja chako ulipokuwa mdogo.

Basi, mwanangu, wivu utakujia, siwezi kukuzuilia. Mimi bado hukohoa nikisikia Akinyi akisifiwa, na sasa ni bibi mwenye wajukuu. Lakini mwendee mwenzako mapema, kabla hujagusa kitu chake, umwambie akuonyeshe. Na siku akilaumiwa kwa kosa lako, usishike ufagio. Sema ni wewe.

Mungu akubariki kazi ya mikono yako, na akujalie wenzako waache karatasi zao kwenye msumari hata ukibaki chumbani peke yako.