Taulo la Mahandaki ya Usui
Miaka yote ya garimoshi la makaa, dereva Isogai alimjua mchochea makaa wake kwa viganja vyake vilivyoungua na kwa kikohozi. "Kikohozi chako kinafika stesheni ya Karuizawa kabla ya treni," alizoea kumtania. Kila walipokaribia handaki mojawapo la milima ya Usui, mtu yule alichovya taulo ndooni, akalikamua, akamfunga Isogai puani. Kisha moshi ukawameza, na hakuna aliyemwona mwenzake mpaka watokee upande wa pili.

Siku ya kwanza ya injini ya umeme hapakuwa na moto wala moshi, na taa iliwaka ndani ya kibanda chao. Lakini mazoea yana taabu: mchochea makaa, sasa msaidizi tu, alipanda na ndoo yake. Handaki lilipowafunika, taulo likachovywa, likakamuliwa, likafungwa puani pa Isogai. Akageuka amcheke. Mchochea makaa alikuwa amesimama mwangani, pua wazi, macho ameyafumba, pumzi ameibana. Ndooni mlibaki maji tu.

"Ndugu yangu," Isogai alisema, kicheko kimemkauka, "taulo lako liko wapi?"

Yule akafumbua macho, akashangazwa na swali lenyewe.

"Langu lipi, mzee? Si siku zote lilikuwa moja?" Kisha akakohoa.