Bomba Limefungwa Kufuli, Mita Inazunguka

Ndugu wa gazeti, jina langu lificheni. Mtaa semeni Kariakoo tu, inatosha. Miaka yangu siijui, ila Mjerumani alipoondoka nilikuwa nimeshazaa mmoja. Sikusoma. Anayeandika ni fundi cherehani wa barazani kwetu, nami nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengenezee.

Mimi mjane, nakaa chumba cha uani kwa mdogo wangu, mwenye nyumba. Zamani maji tulinunua kibandani kwa debe, na vile vibanda vina ugomvi wake, siku moja nilipigwa ndoo ya… haya, niache hayo. Mdogo wangu kavuta bomba lake mpaka uani, ameweka mita, akawa bwana mkubwa. Bili ikija wapangaji wanagawana.

Kuna mpangaji mmoja, Tatu, mpika vitumbua. Mumewe yuko kwenye mkonge huko Morogoro, huja mwisho wa mwezi. Kwenye mfungo bili ilipanda kidogo. Wifi yangu akaanza, "Ni huyo wa vitumbua, anawauzia watu maji yetu." Mimi nikashuku lingine. Wifi ana mdogo wake anatafuta chumba.

Wakaleta mganga kutoka Msimbazi. Akazika fingo, dawa ya kumnasa mwizi, pale pale chini ya bomba, akapigilia juu yake chuma kirefu kwa nyundo, ngo! ngo! mpaka kikazama. Akasema, "Mwizi wa maji tumbo litamvimba. Na atakayeling'oa, vilevile."

Bili iliyofuata ikaja mara mbili ya ile. Mdogo wangu akasema, "Mwizi huyu jeuri!" Akafunga bomba kwa kufuli, ufunguo wifi kaufunga pembe ya kanga.

Sasa Tatu mimba mbili zimeshamtoka, ndiyo maana hii ya tatu aliificha, anajifunga kanga juu juu. Mimi tu ndiye ninayejua, maana namkanda mgongo. Juzi anaanika nguo, wifi akamvuta kanga. "Njooni muone! Fingo limejibu!"

Tatu akalia. "Bibi, hili tumbo la mume wangu."

"Mumeo yupi, yule wa mwisho wa mwezi? Hilo tumbo la maji!"

Watu wakacheka, wallahi. Mdogo wangu akampa mpaka Ijumaa atoke. Aende wapi na tumbo lile, aanze kubeba madebe?

Basi jana wote walikwenda harusini upande wa Mnazi Mmoja. Mimi miguu haitaki, nikabaki na Tatu, amelala chumbani kwake. Bomba lina kufuli, hakuna anayechota. Nikakaa karibu na mita nachambua mchele. Naona kile kijishale chake chekundu kinakwenda, tiki, tiki, kinazunguka! Nikasema, we, unamtilia nani maji? Nikatazama pale kwenye fingo. Jua lote hili la kiangazi, udongo umelowa, kuku wanakunywa. Kumbe bomba si lile tunaloliona tu, chini kuna paipu inatoka barabarani, inapita kwenye mita, nasi tumekipigilia chuma humo humo!

Waliporudi nikamwambia mdogo wangu. Akacheka. "Dada, wewe hata jina lako huwezi kuliandika, mita utaijulia wapi?"

Nikamwambia, "Sisomi, natazama. Njoo utazame na wewe."

Hakuja. Anaogopa, namjua tangu namfunga mgongoni. Wifi ndiye aliyejibu, "Ukiligusa fingo, dada, tutakufungia na wewe mzigo wako." Kwa nini asitake hata kuchungulia? Hapo ndipo ninapomshuku zaidi. Na yule mganga kila nikipita anaangalia chini.

Ijumaa ni keshokutwa. Nataka nichukue jembe nichimbe waone maji yenyewe. Lakini sitawaficha, naogopa. Kama dawa ile ni ya kweli? Mimi mjane, hedhi nimeshaisahau, tumbo likinivimba watanisingizia nani, huyu fundi cherehani? Ameacha kuandika, anacheka.

Haichekeshi hii. Mtoto wa watu anatolewa nje. Nikinyamaza anakwenda yeye, nikichimba huenda nikaenda mimi. Enyi mnaosoma, mwenye akili anijibu kabla ya Ijumaa: nifanye nini? Jembe nimeshaliegemeza mlangoni.