Sumu ya Mbweha Pale Harrowbeck

Watu wa Harrowbeck, kaskazini mwa Uingereza, walimjua Norman Thackray kwa uadui wake na mbweha. Alikuwa mtunza ndege wa shamba la wawindaji, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Kila kwale wa kuwindwa walipoanza kulalia mayai, ungemkuta kalala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, bunduki begani, akingoja mbweha atoe pua pangoni. Risasi moja, basi. Sumu aliilaani. Alisema sumu haina macho.

Kwa hiyo asubuhi ile Isobel Rutter, mfugaji kondoo wa bonde la pili, alipomjia mlangoni kampakata mbwa wake amekauka kama gogo, Norman alishindwa hata kumkaribisha. Mbwa alikuwa amekula sungura aliyetupwa kando ya ukuta wa mawe, na tumbo la sungura yule lilijaa chembe za buluu za sumu.

"Nilikudhania mtu, Norman," Isobel alimwambia.

"Si mimi."

"Bwana Pelham kaniambia ni wewe."

Pelham alikuwa msimamizi mpya wa shamba. Tangu afike alilalamika kwamba mbweha watawamaliza ndege kabla wageni wa kuwinda hawajaja, na zaidi ya mara moja alimshawishi Norman atumie njia ya mkato. Norman alikataa. Sasa alivaa viatu, akashika njia ya nyumba kubwa, Isobel nyuma yake na mzoga wa mbwa mikononi.

Walimkuta Pelham mezani na mwenye shamba, Bibi Lavinia, wakila nyama baridi kwa achari. Norman hakuvua kofia. Alimwuliza Pelham mbele ya mwajiri wake kama ndiye aliyetega sumu. Pelham akajifuta midomo, akasema mambo ya mbweha ni ya mtunza ndege, yeye hana habari. Norman akamtaka basi atoke nje afungue gari lake, wote waone kilichomo. Pelham akaendelea kukata nyama.

Bibi Lavinia alikwisha kuelewa. Kwa sauti laini alimwahidi Isobel mbwa mwingine, aliyefunzwa vizuri. Kisha akamwomba Norman yaishe pale pale, kwa heshima ya shamba, maana msimu unakaribia.

"Heshima gani, bibi?" Norman alisema. "Baba yangu ndiye aliyechimba kaburi la baba yako. Leo mnanipaka mavi usoni, halafu mnaniomba nisinawe."

Kutoka pale walikwenda moja kwa moja polisi. Sungura wengine wa sumu walipatikana, na sumu yenyewe ikakutwa garini mwa Pelham. Alitozwa faini, akabaki na kazi yake. Aliyeambiwa ahame ni Norman, kwa kuwa nyumba alimozaliwa ilikuwa mali ya shamba. Wenzake wa kilabuni, ambao wengi hupata kibarua shambani cha kuswaga ndege waruke kuelekea bunduki za wageni siku za kuwinda, wakawa wakimwona wanainamia bia zao. Siku ya kuhama, hakuna aliyekuja kumshikia hata kiti, isipokuwa Isobel na trela lake la kondoo.

Siku hizi Norman anaishi bonde la pili, anajenga kuta za mawe. Kondoo wanapozaa, wafugaji humwita awapigie mbweha, naye huenda. Akiulizwa kama amewasamehe wale wa Harrowbeck, hujibu kwamba hajasikia mtu akiomba msamaha.