Aliyekuwa Yesu Ilagala

Ijumaa Kuu iliyopita nilirudi Ilagala, ndugu yangu, nikakuta vijana wanaigiza mateso kwa spika na mavazi ya kukodi. Walikuwa wakicheka katikati ya Njia ya Msalaba. Niliondoka kabla hawajafika kituo cha mwisho.

Utotoni mwetu hakuna aliyecheka. Siku hiyo tulikula mihogo iliyochemshwa jana yake, bila mawese, na jiko la bibi lilikuwa baridi. Sisi wavulana wa darasa la sita ndio tuliokuwa askari. Viboko vyetu vilikuwa maganda makavu ya mgomba, yenye mlio mkubwa lakini yasiyoumiza. Yesu alikuwa jirani yetu, mshona nyavu, kila mwaka yeye.

Mwaka ule, wiki moja kabla, nilichukua karabai ya mwenye mtumbwi, ile taa ya kuvutia dagaa, nikapanda nayo mtumbwi uliofungwa ufukweni, nikijifanya mvuvi. Ikaniponyoka, ikazama. Nilipogeuka, jirani alikuwa ameketi mchangani na nyavu zake, ananitazama. Kisha akarudi kushona.

Wazee walipouliza nani alikuwa ufukweni mchana ule, akatajwa yeye. Wakamwita. Nilisimama nyuma ya bibi nikisubiri anitaje. Aliinamisha kichwa tu, na wote wakauchukua ukimya ule kuwa jibu. Katekista alimwacha aigize kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuubeba msalaba wetu wa mninga.

Siku ilipofika, watu wazima waliingia kwenye safu yetu ya askari wakiwa na kamba za nyavu.

"Mfalme," mmoja akamwambia, "hebu tuoneshe karabai iliko."

Wakampiga kweli. Nami nikatupa ganda langu, nikaokota kamba, nikampiga kuliko wote, ili asije mtu akanidhania.

Akageuza uso. "Polepole, mwana wanje," akaninong'oneza, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Utaumia mkono."

Hapo upepo ukakata. Ziwa likatulia kama mawese chunguni. Wanawake waliopangiwa kulia walisahau kulia. Damu ilidondoka mchangani, nami hadi leo naapa niliisikia. Alipolazwa msalabani hakufumba macho. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, bibi alisema kwa sauti ndogo, "Leo hatukuigiza."

Asubuhi mlango wa jirani ulikuwa wazi. Nyavu za kijiji kizima zilikuwa zimeshonwa na kukunjwa vizuri, hata za mwenye karabai. Yeye hakuonekana tena. Wengine walisema amevuka kwenda Kongo, lakini hakuna mtumbwi uliopungua. Kwa miaka mingi hakuna aliyekubali kuwa Yesu. Tulibeba msalaba mtupu, na waliouinua walisema umezidi uzito.

Kanisa letu la udongo halipo tena, wala mwenye mtumbwi, wala katekista. Nilikuja kuungama kwa padre nikiwa na mvi, akaniondolea dhambi, nami naamini. Lakini wote waliomwita mwizi walikufa wakiamini hivyo. Bibi, siku zake za mwisho, alinishika mkono akamshukuru Mungu kwamba amelea mtoto mwaminifu, si kama yule jirani. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, nina kazi na familia, na hakuna ambaye angenigusa kwa kamba.

Nikamvutia shuka hadi kifuani, nikanyamaza.