Vipele vya Julai na Sahani ya Viazi

Kufikia katikati ya Julai, mpwa wangu alikuwa amebakiwa na viazi na wali mweupe. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Kwa sababu ya vipele, maziwa ndiyo yaliyoondolewa kwanza, kisha mayai, kisha parachichi, kisha maharagwe. Halafu Jumapili moja mtu akasema kanisani kwamba ndizi mbivu nazo huchemsha damu, na ndizi zikaenda. Kila kitu kiliondolewa kwa upendo. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa hakuna mtu mbaya.

Mama yake ni dada yangu mdogo. Anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kenol, na siku za kazi mtoto hukaa Mukurweini na nyanya yake, mama mzazi wa baba yake. Sote tunamwita Shosho. Mimi na dada yangu tulizaliwa Meru, upande wa pili wa mlima, kwa hiyo na Shosho tunazungumza Kiswahili, yeye na chake, sisi na chetu, na hatujawahi kukosa kuelewana.

Vipele vilianza Juni, jua lilipojificha. Kwanza ngozi ilikauka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ikatoa magamba, ikaanza kuwasha. Baadaye vikatokea vipele vidogo vyekundu shingoni na mgongoni, vimesongamana kama punje za wimbi. Mtoto alijikuna mpaka akatoka damu. Mwaka uliotangulia ilikuwa vivyo hivyo. Mnamo Septemba ngozi ilipona, na sote tukasahau.

Mimi nafundisha chekechea hapa Ruring'u, na jambo hili nimeliona darasani mwaka baada ya mwaka. Ukungu ukishuka, watoto wanaanza kujikuna. Wengine ngozi imekaushwa na hewa ya baridi, na nyumbani inakaushwa zaidi na maji ya moto sana na sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Wengine wana harara, vile vipele vya joto, katikati ya baridi kali, maana wamevalishwa nguo juu ya nguo mpaka jasho halina pa kutokea. Wengine sufu ya sweta inawakwaruza shingo. Na wachache wana upele wenyewe, ule wa kuambukizana, unaowasha zaidi wakilala, na hao utakuta ndugu zao pia wanajikuna. Mvua za Aprili zina vipele vyake, vya wadudu na viwavi. Ninachotaka kusema ni kwamba kipele si ugonjwa mmoja. Ni kama kikohozi: unakisikia, lakini bado hujajua kimetoka wapi.

Ijumaa moja dada yangu alikuja kulala kwangu na mtoto. Nilipomnyanyua nilishtuka. Suruali iliyomfaa wakati wa Pasaka ilikuwa inashuka yenyewe. Nilimpa uji, na dada yangu akaunusa kwanza.

"Umetia maziwa?"

"Nimetia."

"Dada, tafadhali. Shosho akijua!"

Mtoto alitazama kikombe kikiondoka mezani. Hakulia. Kama angelia ningeona afadhali.

Asubuhi tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima uzito, akampima tena. Aliuliza kama mtoto amewahi kuvimba midomo baada ya kula kitu, au kutapika, au kupumua kwa shida. Hapana, hajawahi. Je, chakula hicho tulichomwondolea alikuwa akikila Februari? Ndiyo. Na Februari ngozi ilikuwaje? Safi.

"Basi mwili wake unawaambia si chakula," alisema. "Hii ya mikunjoni ni ukurutu, na baridi huuamsha. Ya mgongoni ni joto la nguo. Nitawapa dawa ya kupaka. Lakini mama, ngozi itapona. Huu uzito ndio unaonitia wasiwasi. Mrudishieni mtoto chakula chake."

Dada yangu alitoka akilia. "Wewe ndiye utamwambia Shosho," alisema. "Mimi ni mke wa mwanawe. Nikisema mimi, itakuwa nimesema yeye ndiye anamkondesha mtoto."

Tulifika Mukurweini jioni, wakati wa kukamua. Shosho alikuwa zizini na ng'ombe wake watatu. Nilisimama kando nikimtazama. Kabla ya kukamua kwenye ndoo alikamulia matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kifuniko cheusi, akayainamia kuona kama yana mabonge ya ugonjwa.

"Mwalimu, karibu. Umekuja kufundisha ng'ombe?"

"Nimekuja kufundishwa. Shosho, ile siku maziwa yako yalirudishwa kule yanakopokelewa, ulifanya nini?"

"Ai! Usinikumbushe hiyo aibu. Nilikuja nikaangalia mmoja mmoja, matiti moja moja. Nikapata ni huyu mweusi, hii ya nyuma. Nikamtenga, nikatibu."

"Kwa nini hukuuza wote watatu? Si ungekuwa na hakika kabisa?"

Alicheka mpaka ng'ombe akageuza kichwa. "Ati niuze wote! Mimi niko na wazimu? Na hao wawili wamenikosea nini?"

Dada yangu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Shosho aliendelea kukamua, kisha mikono yake ikaenda polepole, ikasimama.

"Mwalimu wewe ni mjanja," alisema bila kugeuka. "Unataka kuniambia nimeuza ng'ombe zote za huyu mtoto."

"Sisi sote tuliuza, Shosho. Kila mtu alileta mnunuzi."

"Na hiyo ya kanisani ya ndizi, hiyo hata mimi nilishangaa."

Tuliingia jikoni. Moto ulikuwa unawaka vizuri na mtoto akawekwa palepale karibu nao, kama kawaida. Nilimwomba Shosho tumvue pamoja. Tulitoa koti, sweta nzito, sweta nyepesi, na ya ndani kabisa, iliyogusa ngozi, ilikuwa ya sufu aliyoifuma mwenyewe, mishono imebana, kazi safi. Nilimshika mkono nikauweka mgongoni kwa mtoto.

"Ni maji," alisema.

"Ni jasho. Vipele vya huku vinatoka hapa."

Aliuacha mkono pale muda mrefu. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, si kwangu hasa: "Wangu wa tatu alishikwa na kifua mwezi kama huu, akaniacha. Miaka yake ilikuwa sawa na huyu. Tangu hiyo siku mimi siachi mtoto baridi imuone."

Dada yangu alikuwa hajui. Miaka mitano ya ndoa, hakuwahi kuambiwa. Alikwenda akaketi karibu na Shosho kwenye benchi, bega kwa bega.

Baadaye tulipanga, na ilikuwa rahisi zaidi baada ya hapo. Hatukumwondolea mtoto joto. Fulana ya pamba ikae ndani, sufu ikae juu, na akiwa karibu na moto apunguziwe nguo moja. Nilimfundisha Shosho kumtia vidole nyuma ya shingo: pakiwa pakavu na pana joto la kawaida, mtoto yuko sawa, pakilowa, nguo zimezidi. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, na asikae sana ndani ya karai. Sabuni ya kufulia ifulie nguo. Mafuta apakwe mwili ukiwa bado na unyevu, kabla haujakauka kabisa, na dawa ya zahanati ipakwe kwenye mikunjo kama tulivyoagizwa.

Na chakula kirudi. "Kimoja kimoja," nilisisitiza, maana hiyo ndiyo tabia yangu. "Maziwa kwanza. Tukae siku chache tumtazame. Kisha mayai wiki ijayo. Hivyo hakuna mtu atakayeogopa, na hakuna atakayelaumu kitu bila kukiona."

"Kama ng'ombe," alisema Shosho.

"Kama ng'ombe."

Alichemsha maziwa yaleyale ya jioni, akayapoza kwa kuyamimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, akampa mtoto mwenyewe. Mtoto alishika kikombe kwa mikono miwili, akamtazama nyanya yake kwanza, kama anayeuliza. Shosho aligeuza uso kuelekea motoni. "Kunywa, mami," alisema. "Kunywa yote."

Sitadai kwamba tulijua kwa uhakika ni kipi kati ya hivyo kilichosaidia. Ukurutu huja na kwenda, na wapo watoto ambao kweli chakula fulani kinawadhuru. Hao midomo huvimba, hutapika, na ni wa kukimbizwa hospitali. Wetu hakuwa mmoja wao. Mgongo wake ulianza kutulia mapema, na viwiko vilichelewa.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele Shosho aliponipigia simu siku chache tu baadaye, wakati wa mapumziko, watoto wakipiga kelele nyuma yangu.

"Mwalimu, nimekuvunjia sheria."

"Umefanya nini, Shosho?"

"Nimempa yai. Wewe ulisema wiki ijayo. Lakini alinipata nikila langu, akasimama hapo, akafungua mdomo tu. Hakuomba. Alifungua mdomo. Mimi sikuweza."

"Alilila?"

"Lote! Na akauliza kuku ako wapi."

"Na ngozi?"

"Ngozi iko vile ilikuwa jana," alisema. "Sasa niambie, hizo maharagwe nitie kwa sufuria leo, ama pia hizo ni mpaka wewe ukuje?"