Biskuti za Tofi za Mama Masjala

Mama Masjala alitunza majalada ya ofisi yetu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo hakuna jalada lililotoka mikononi mwake likiwa na ukurasa pungufu. Kila karatasi aliipa namba kwa kalamu nyekundu, juu kulia. Ukichukua kurasa arobaini na mbili ukarudisha arobaini na moja, utamtambua. Aliwahi kumsimamisha mkurugenzi mlangoni, mtu mzima na tai yake, mpaka barua moja ikapatikana chini ya kiti cha gari. Sisi makarani wenzake tulimwogopa kuliko tulivyomwogopa huyo mkurugenzi, na tulikuwa na haki, maana mkurugenzi hakujua kuoka.

Yeye alijua. Mtu akihamishwa, akipanda cheo au akistaafu, Mama Masjala alikuja na bati la biskuti za tofi. Kingo ngumu kidogo, katikati laini, rangi ya kahawia iliyokolea, na harufu iliyomfikia mlinzi getini kabla ya bati kufunguliwa. Nimeshuhudia mabwana wawili waliokuwa hawasalimiani wakigombea ya mwisho kwa adabu. "Chukua wewe." "Hapana bwana, chukua wewe." Mikono yote miwili ilikuwa tayari ndani ya bati.

Kila mtu alimwomba mapishi, na hakumnyima mtu. Sifa yake ya ukarimu ilitokea hapo. Alivaa miwani, akageuza fomu ya zamani, akaandika kwa mwandiko wake wa shule: siagi kiasi gani, sukari ya kahawia kiasi gani, mayai, unga, vanila. Kisha hatua, zote kwa namba. Namba moja: yeyusha siagi. Watu walikwenda nyumbani wakayeyusha, wakakoroga, wakaoka, na oveni ikawatolea vitu vyeupevyeupe, vitamu bila sababu. Wakija kulalamika aliwasikiliza kwa huruma kama daktari. Labda oveni yako ni ya zamani. Labda unga. Akikosa cha kusingizia alishusha sauti: "Kuoka kunataka mkono, mwanangu. Wengine tumezaliwa nao."

Ukweli mimi niliujua, na niliujua kwa bahati tu. Miaka sita iliyopita aliteguka kifundo cha mguu, nikatumwa nyumbani kwake na fomu za likizo ya ugonjwa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Siagi ilikuwa motoni, inatoa povu na kupasukapasuka kama mvua inayoanza kwenye bati. Ghafla ikanyamaza. Povu likatulia, chini ya sufuria vikaonekana vipunje vya kahawia, na jikoni pote pakanukia karanga zinazokaangwa. Akaipua palepale, akachechemea kugeuka, akaniona.

"Umeona nini?"

"Umeunguza siagi, mama."

"Sijaunguza. Nimeikaanga. Na wewe hujaona."

Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi nilikuta kifurushi cha biskuti kwenye droo yangu. Mimi nilikiita urafiki. Mkaguzi angekiita jina lingine.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anawaficha wenzake. Hakukasirika. "Sina cheo, sina gari, chumba changu hakina hata dirisha," alisema. "Nikiwapa na hii, watakuja masjala kumfuata nani?" Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nikashindwa.

Mwaka juzi dereva wa ofisi aliomba mapishi kwa ajili ya mkewe. Mkewe alikuwa amenunuliwa oveni na alitaka kuoka biskuti za harusi ya mdogo wake. Akaoka mara nne. Mara ya nne akakaa sakafuni akalia, kisha oveni akampa wifi yake, akasema mambo ya kuoka yana wenyewe. Dereva alitusimulia hayo wakati wa chai kama kichekesho, akaigiza na kilio chenyewe. Tulicheka wote. Mama Masjala alicheka pia, ila kikombe chake kilirudi jikoni kikiwa kimejaa.

Hakusema kitu. Na mimi, shujaa wenu, sikusema kitu.

Hatimaye zamu yake ya kustaafu ikafika, na kamati ya kumuaga ikakaa. Nilikuwemo. Katibu wa mkurugenzi akatoa wazo lililopigiwa makofi: safari hii mama asioke, tumwokee sisi, kwa mapishi yake mwenyewe, awe mgeni wa heshima. Watu saba wakajitolea. Nilifungua mdomo niwaonye, nikaufunga, kisha nikaujaza maandazi.

Siku yenyewe ukumbi ulipambwa kwa maputo, na mezani zikapangwa sahani saba za biskuti zilizopauka. Mkurugenzi akahutubia: "Mama, leo tunakurudishia kile ulichotupa." Hakujua alivyosema kweli. Mama Masjala akaanza sahani ya kwanza. Akatafuna, akatabasamu. "Nzuri." Ya pili, nzuri. Ya tatu, nzuri sana, na maji tafadhali. Nilikuwa nahesabu dakika, niliona akitoka salama na heshima yake yote, na nakiri nilimwombea hivyo.

Ndipo dereva akasogea na sahani ya saba, ameishika kwa mikono miwili.

"Hizi ni za mke wangu, mama. Aliiazima ile oveni kwa wifi yake kwa ajili yako. Kanituma nikuombe radhi. Anasema kajitahidi, ila yeye mkono hana, kama ulivyozoea kusema."

Mama Masjala aliichukua biskuti, akaiangalia, akairudisha kwenye sahani bila kuionja.

"Mpigie," alisema. "Weka sauti kubwa."

Simu ikaita, ikapokelewa.

"Mwanangu, siagi unaifanyaje?"

"Nayeyusha, mama. Kama ulivyoandika."

"Sikuandika yote. Siagi inakaangwa mpaka inyamaze, mpaka ibadilike rangi. Niliificha hiyo. Niliwaficha wote. Huna kasoro yoyote wewe, hukuwahi kuwa nayo."

Aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna.

"Niliwapa watu oveni yangu, mama," sauti ikasema taratibu.

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

Hakuna aliyemwangalia Mama Masjala usoni. Mimi nilimwangalia dereva, na yeye alikuwa anaangalia simu mkononi mwake kana kwamba si yake. Niliona haya kwa ajili ya mama na kwa ajili yangu mwenyewe, na sijui ipi ilikuwa kubwa zaidi.

"Ngoja nichukue kalamu," sauti ikasema. Haikuwa imesamehe, wala haikuwa inatukana. "Anza mwanzo. Na usiruke kitu."

Basi Mama Masjala, amevaa shada la maua shingoni, akaanza kuyataja mapishi kutoka kichwani, polepole, hatua kwa hatua. Watu wakaanza kupapasa mifuko. Mkurugenzi aligeuza hotuba yake akaandika nyuma. Katibu aliandika kwenye leso ya karatasi. Mimi nilikunja mikono, nikatulia kama mtu aliyekwisha kufaulu mtihani. Kwangu nilikuwa nakaanga siagi miaka sita sasa, na biskuti zangu zilitoka vizuri, karibu kabisa na zake. Karibu. Hicho kidogo kilichopungua nilikuwa nimekubali kwamba ni kipaji.

"Basi, mama?" simu ikauliza. "Kuna kingine?"

Mama Masjala hakuitazama simu. Alinitazama mimi.

"Chumvi," alisema. "Nusu kijiko cha chai, inaingia pamoja na sukari."

Katika ukumbi mzima, ni mimi peke yangu niliyekuwa sina kalamu.