Maji ya Jiwe Laini

Kila nikipita sokoni Kamembe nikasikia kisu kikinolewa juu ya jiwe lililolowa, mimi huharakisha hatua. Ni mlio wa nyumbani kwetu, na ningependa kuusikia kwa raha kama watu wengine.

Baba yangu alikuwa kinyozi. Alinyoa kila mtu, hata wateja waliovuka daraja kutoka Bukavu, lakini sifa yake ilikuwa watoto wachanga. Siku ya saba tangu mtoto azaliwe, siku ya akika anaponyolewa nywele, Waislamu wa mtaani kwetu walimwita yeye. Asubuhi yake aliunoa wembe wake wa kukunja kwenye mawe mawili: kwanza lile la kukwaruza, kisha lile laini kama sabuni. Halafu aliujaribu kwenye vinyweleo vya mkono wa kushoto, ndiyo maana mkono ule ulikuwa na upara. Mama alimtania kwamba ana mkono mmoja wa mzee na mwingine wa mtoto.

Kazi yangu, nikiwa na miaka tisa, ilikuwa kuosha mawe kabla hajanoa. Kila jiwe lilikuwa na beseni lake na kitambaa chake. Chembe ya jiwe la kukwaruza ikibaki kwenye jiwe laini, baba alinionya, jicho haliioni, lakini makali ya wembe yanapata pengo.

Asubuhi ya akika ya mtoto wa jirani yetu, Maman Zaina, harufu ya pilau ilikuwa imeshafika uani kwetu. Nikayaosha mawe yote katika beseni moja, nikayafuta kwa kitambaa kimoja, nikamwacha baba akinoa, nikakimbilia kwao.

Nilikuwa nimekaa mbele kabisa wembe ulipopita juu ya sikio la mtoto. Akalia. Mstari mwembamba wa damu ukateremka. Halikuwa jeraha kubwa, ila baba aliuweka wembe chini.

"Haina neno, Papa Idi," Maman Zaina akasema. "Ni damu kidogo tu. Malizia mutoto."

"Hapana, Maman. Hii mukono imezeeka," baba akajibu. "Muite muntu mwingine. Batoto badogo sitabanyoa tena."

Wembe hakuukagua, maana aliiamini kazi yangu. Aliutazama mkono wake tu. Mimi nilijua, nikaogopa fimbo, nikanyamaza. Pilau ile sikuigusa.

Tangu siku hiyo alinyoa watu wazima peke yao, na akika zikaenda kwa kinyozi mwingine. Nilidhani nimeficha kosa la beseni. Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba nilimwacha baba akose imani na mkono wake mwenyewe, na aibu ile haijaniisha.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, nilimsihi baba amnyoe yeye mwenyewe. Akanyoosha mkono wa kulia mbele yangu nijionee ulivyozeeka. Nikautazama kwa muda mrefu, maneno ya beseni lile moja yakiwa mdomoni, na sikuyasema. Mkono ule haukutetemeka hata kidogo.